Waliokoma Wabebe Mawe

Mtaa wa Msimbazi, Dar es Salaam
9 Machi 1978

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua chako kimetulia. Mlio mmoja haujanitoka masikioni tangu Jumapili, mfupi, mkavu, kama mhogo wa juani ukivunjwa. Ni mkono wa Mama. Hakuanguka, Baba. Alikuwa uani hapa kwangu alikokuja kunitembelea, akikamua shuka langu, mfupa ukavunjika.

Daktari alimuuliza hedhi ilikoma lini. Mama akanigeukia: "Mjibu wewe, mie naona haya." Daktari akaeleza kwamba hedhi ikikoma, mwili hupungukiwa na kichocheo kinacholinda mifupa, na miaka ya mwanzo mifupa huliwa ndani kwa ndani, bila maumivu. Kisha akauliza Mama hubeba nini huko kijijini.

Wewe ndiye mwenyekiti wa kijiji. Wewe ndiye uliyepanga: wajawazito na wanaonyonyesha wapumzike, waliokoma wabebe mawe ya kujengea zahanati kwa kuwa hawana udhuru tena. Niandikie kwamba Mama hatarudi kwenye mawe hayo.

Binti yako,
Benedikta

Kijijini, Mahenge
2 Aprili 1978

Mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima, mvua ni nzuri. Mpe pole mama yako. Lakini umeniandikia kama hakimu, tena mambo ambayo binti hamwandikii baba yake. Mama yangu alibeba kuni mpaka siku za mwisho. Nikimtoa mke wangu kwenye zamu, watu watasema mwenyekiti anajipendelea. Mkono ukipona, mpandishe basi. Nafasi yake ameishika shangazi yako Evarista, naye halalamiki.

Baba yako,
Ignasi

Dar es Salaam
20 Aprili 1978

Baba,

Shikamoo. Mama bado ana plasta, anakula vizuri.

Bibi unayemsema alizikwa amepinda hata jeneza likamkataa. Mkasema ni uzee. Nilikuwa mtoto, lakini niliona.

Daktari hakumkataza Mama kazi. Kutembea na kulima kidogo kunaimarisha mifupa. Anachokataza ni jiwe kichwani. Na Shangazi Evarista alikoma kabla ya Mama. Mtoe leo, usingoje kikao. Nilimsomea Mama barua yako. Nilipofika kwenye "halalamiki" akasema, "Evarista alizaa mapacha kimya kimya. Huyo ndiye wa kupimia maumivu?" Kisha akaniambia nisikuandikie kwa ukali. Nimejitahidi.

Binti yako,
Benedikta

Kijijini, Mahenge
30 Mei 1978

Mwanangu,

Hatujambo kiasi. Wiki ya Pentekoste shangazi yako aliteleza na jiwe, nyonga ikavunjika. Amelala tu. Barua yako ilikuwa imeshanifikia. Nilitaka wajumbe wakae kwanza, maana kanuni ya kijiji haifutwi na mtu mmoja. Sasa mrudishe mama yako amuuguze wifi yake. Mkono mmoja unatosha kulisha uji. Zamu inaendelea na waliobaki.

Baba yako,
Ignasi

Dar es Salaam
9 Juni 1978

Baba,

Shikamoo. Mpe Shangazi pole zetu, na mmpeleke hospitali ya misheni, hata kwa machela.

Huna mtu wa kumlisha uji? Una wana watatu wazima hapo. Na mgonjwa wa nyonga hunyanyuliwa, hugeuzwa, huoshwa. Nilipomsomea barua yako, Mama alifunga mzigo wake usiku huohuo, asubuhi nikamkuta ameketi juu yake. "Nitamnyanyua na nini?" akaniuliza. Akaufungua mwenyewe.

Unasema waliobaki. Nawajua. Ni akina Mama Winifrida, wanawake walionibeba mgongoni. Umesoma barua yangu, ukaiweka, ukangoja wajumbe ambao wote ni wanaume, waamue mifupa ya wanawake iko namna gani.

Nimemwandikia Katibu wa Wilaya. Nimeeleza zamu, mawe, maneno ya daktari, mkono wa Mama, nyonga ya Shangazi. Jina lako nimeliandika lote, pamoja na cheo chako, na chini nikaandika kwamba mimi ni binti yako. Nilimsomea Mama kabla ya kuifunga bahasha. Nilitegemea anizuie. Akaniambia nimekosea mwaka aliokoma, nirekebishe. Nikarekebisha.

Niliitia posta jana.

Binti yako,
Benedikta