Nusu ya Mpaka wa Msitu Wetu

Papa wangu,

Nimetoka ofisini kwa watu wa ruzuku, karibu na stesheni ya Gare du Nord, nimekuja kujikalia kwenye mkahawa wa galerie, ule ujia wa maduka, hapa Matonge, mtaa wa watu wa kwetu huku ugenini. Unanijua: nikishindwa, nafoka. Leo hata hasira imekataa kuja.

Serikali ya huku inavisaidia vijiji vya kwetu Katanga vilinde misitu ya umma kwa ubia na serikali ya kule. Kijiji chetu kimekubaliwa. Kilichobaki ni kuonyesha mpaka wa sehemu ambayo ukoo wetu umeilinda siku zote. Itakayobaki nje wataichukua wachoma makaa, na aliyeujua mpaka ulikuwa wewe peke yako.

Jana mdogo wako alinipigia simu. "Weye njo mutoto yake ya kwanza, donc lazima alikuonyesha mupaka."

"Tonton, hakumalizaka."

Akanibembeleza kwa jina la utotoni: "Bon. Jaribu kukumbuka, maman."

Nakumbuka, Papa. Ulinivua viatu, maana mrithi huonyeshwa mpaka kwa miguu mitupu. Nikakuuliza kwa nini usiuchore tu kwenye karatasi, ukacheka mpaka ukakohoa. "Mupaka haisemwaka, mutoto. Inatembewaka." Tulizunguka vichuguu tukila masuku, yale matunda ya msituni, tulipofika kijitoni mvua ikatufukuza. Tutamalizia kiangazi, ulisema. Kabla ya kiangazi fujo zikatuhamishia mjini, na baadaye mimi nikaja huku.

Uliponitembelea huku Ganshoren magoti yako yalikuwa yamekwisha. Nilikuomba uniambie kwa mdomo tu, ukatikisa kichwa, ukaomba chai. Nilikununia siku nzima. Kwa kweli bado nimekununia, na nimekukumbuka mno.

Leo bwana mmoja wa ruzuku alitandaza ramani mezani. Hadi kijitoni nilifuatisha kwa kidole bila kusita. Kuvuka hapo ilikuwa kijani tupu. Alinisubiri kwa adabu, kisha akapiga mstari ulionyooka hadi barabarani.

"Comme ça, madame?" akauliza kama ni hivyo.

Nikamwambia sijui. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba wakikosa jibu leo fedha zitapewa kijiji kingine. Kidole changu kilikuwa bado juu ya ramani.

Nikasema ni sawa.

Walikuzika mle msituni, ng'ambo ya kijito, na mimi sijawahi kufika kaburini kwako. Sijui mstari ule umekuacha upande gani.

Nisamehe, Papa. Pumzika popote ulipo.

Mwanao wa kwanza