Sauti Iliyoniita Kwenye Ukungu

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba. Bibi yako anakusalimu, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike.

Unanung'unika kwamba kikundi cha wawindaji wa kujitolea huko Tabora hakijakuuliza hata jina, nawe umeomba wakufundishe. Tulia kwanza. Nilipohamia Rombo nikiwa kijana mgeni, niliomba kujiunga na wanaume waliokuwa wakisaka nguruwe pori waliomaliza mahindi yetu. Nami hawakuniuliza jina. Kiongozi wao, mzee mmoja mkali, aliniambia tu, "Fuata nyuma yangu. Ukipotea, simama hapo hapo usubiri mluzi wangu."

Msituni ukungu ukashuka, nikapotezana nao. Nikasimama. Mara sauti ya yule mzee ikaniita kutoka bondeni, taratibu, kwa jina langu. Nikainua mguu nimfuate. Kisha nikakumbuka mluzi, nikaurudisha mguu chini.

Mluzi ulipolia, ulitokea nyuma yangu, upande wa mlimani. Mzee akaja, akanishika mkono, tukashuka kwa njia nyingine mpaka kwenye migomba.

Hapo ndipo alipotabasamu. "Sasa wewe ni mwenzetu, kijana. Haya, unaitwa nani?"

Babu yako, ambaye mpaka leo hapiti lile bonde.