Midomo yangu kwenye kamera

Mwenzangu, uko? Nimemharibia mtoto. Nimemharibia kwa midomo yangu hii.

Si nilikwambia leo kitinda mimba wangu anasailiwa kwa video na wale watu wa ng'ambo, wanaotafuta mafundi wa kutengeneza programu za simu? Kazi aliyoingoja miezi minane.

Basi nikakaa kitandani nyuma yake, namwombea. Sauti haikutoka hata chembe. Midomo tu ndiyo ilikuwa ikicheza. Kumbe kamera inaniona.

Mara akanigeukia, uso umemshuka. "Mama, wanasema kuna mtu ananinong'oneza majibu."

Majibu. Mimi. Mimi ambaye simu hii wewe ndiye uliyenifundisha kuiwasha.

Akawaambia, "Huyo ni mama yangu, anasali." Unajua msaili alimjibu nini? "Wiki hii wewe ni wa tatu mwenye mama anayesali." Wakakata.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliinama tu akawaandikia kwamba mama yake aliishia shule ya msingi na hajui lolote la kompyuta. Akanisomea kabla ya kutuma. Ni kweli tupu, mwenzangu, lakini iliniingia kama mwiba. Nikamwambia tuma.

Hawajajibu. Amekaa anaikodolea macho kompyuta, kamera bado inamtazama, nami nimejibanza mlangoni, mkono mdomoni. Natamani kumwombea wajibu, na ninaogopa.

Mwombee wewe. Huko uliko hawakuoni.