Usaili wa Elisaria

Levolosi, Arusha
Jumatatu, 14 Aprili

Mama yangu mpendwa, Mama Elinami,

Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe. Leo nakusalimu kwa salamu ya kwenu, mimi Mkatoliki wako wa Rombo, usije ukasema tena kwamba miaka minane ya ndoa haijanifundisha adabu za Kilutheri. Habari za Poli? Mguu unaendeleaje, ule unaovimba mvua zikianza? Ng'ombe ameshazaa? Huku mvua imetushika tangu wiki iliyopita, Mlima Meru hatujauona siku ya tano sasa, na nguo za Elisaria nazikausha juu ya jiko la mkaa mpaka nyumba nzima inanuka moshi. Elinami ni mzima. Anakwenda Ngarenaro kila asubuhi kuchomelea mageti ya watu na kurudi macho mekundu, anakula, analala. Haongei sana. Mimi mwili hauna neno.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu unayo. Simu yako, Mama, inapokelewa na kila anayepita ukumbini, na isitoshe nimeshajaribu mara tatu. Nikisikia sauti yako ulimi unakufa, naishia kuuliza habari za migomba. Bahasha hii nimempa Yona, mume wa wifi yangu Elihuruma, alipokuja mjini, nikaibandika gundi mbele ya macho yake. Isome mwenyewe kwa miwani yako, taratibu. Tafadhali usimwite mtu akusomee.

Mume wako Elisaria, kama ulivyozoea kumwita mjukuu wako kwa kuwa amechukua jina la marehemu Baba, hali yake ni ile ile uliyomwacha nayo. Anakula kwa mpira wa puani. Namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Mkojo namtoa kwa mpira kila baada ya saa nne kama zamani, isipokuwa zamani alikuwa akinihesabia moja mpaka kumi ili nimalize haraka, na sasa nafanya kimyakimya. Macho yako wazi, lakini ukipita mbele yake hayakufuati. Sitakudanganya kwamba kuna nafuu. Watu wa jumuiya wanakuja, wanasema atainuka, wanakunywa chai, wanaondoka. Nimeacha kuwabishia.

Mengi ya haya yafuatayo unayajua, lakini niache niyapange moja baada ya jingine, la sivyo nitaruka lile ninalopaswa kulisema. Wewe ndiye uliyekuwa nami wodini alipozaliwa na mgongo wazi, na wewe ndiye uliyembeba siku kichwa kilipoanza kujaa maji na madaktari wakamwekea ule mpira wa chini ya ngozi. Kifafa kilipoanza, akiwa na miaka miwili, nilikuwa nimeshazoea kuambiwa mabaya, nikauliza tu dawa inanywewa saa ngapi. Dawa ile ilimtuliza kabisa. Miaka mitatu hakuanguka hata mara moja. Ila ilimlaza. Akinywa asubuhi, ikifika saa tatu kichwa kimeinama kifuani, na ukimwamsha anakutazama kama mtu aliyeshushwa stendi asiyoijua.

Mwaka jana alipotimiza miaka mitano nikaanza kutafuta shule ya awali. Pengine uliniona mshamba, maana uliniuliza mtoto asiyetembea anakimbilia wapi. Sikukujibu vizuri siku ile, nisamehe. Nilitaka akae na wenzake. Alikuwa akisikia watoto wa jirani wakienda shule, ananiuliza na yeye begi lake liko wapi. Na mimi pia, Mama, nilitaka saa tatu kwa siku za kuwa mtu, niketi tu bila kusikiliza pumzi ya mtoto. Shule ya kwanza walisema hawana choo cha kiti cha magurudumu. Ya pili walisema wazazi wengine wataogopa. Ya tatu mlinzi hakutufungulia geti, alikwenda ndani kuuliza, akarudi na jibu.

Ya nne ndiyo ile ndogo ya huko Lemara, ya Mwalimu Namelok. Yule mama alitukaribisha ofisini kwake, akamgusa Elisaria shavu, akaniuliza maswali yote bila kukunja uso. Alisema mpira wa mkojo si tatizo, nije mwenyewe wakati wa uji nimhudumie. Kiti cha magurudumu si tatizo, wangeweka ubao mlangoni. Lakini Elisaria alikuwa amelala mapajani mwangu tangu tulipoingia, mate yanamtoka, hakuamka hata tulipoagana. Mwalimu akasema kwa upole kabisa kwamba mtoto anayelala hawezi kumpokea, maana atakuwa anamtunza tu, hamfundishi. Akasema nimlete kwenye usaili wa Novemba. Akiwa macho, akijibu, nafasi yake ipo. Ikishindikana tujaribu mwakani. Nilitoka pale na ule upole wake unaniuma kuliko geti la shule ya tatu.

Basi unakumbuka kilichotokea Novemba. Elisaria aliamka. Ndani ya wiki moja akawa mtoto mwingine, anaimba, anadai chai, anamkemea baba yake kwa kuvaa viatu ndani. Elinami alirudi kazini mapema siku moja ili amsikilize tu. Wewe ulipoambiwa ulibeba mkungu wa ndizi mpaka kanisani ukautoa sadaka ya shukrani, ukasimama mbele ya usharika mzima ukasema Mungu amemrudishia mume wako akili. Siku ya usaili, Jumatatu, alimwamkia Mwalimu Namelok, akataja rangi zote isipokuwa zambarau, na alipoulizwa jina la baba alitaja mpaka la babu. Mwalimu alipiga makofi. Alipewa nafasi palepale, aanze Januari.

Jumamosi ile ukashuka kutoka Poli kumpongeza, na kikombe cha maziwa ya mgando chini ya khanga. Ulimpikia loshoro, makande yenu ya maziwa, ukaliponda mpaka likawa laini kama uji, ukampakata na kumlisha kwa mkono wako huku ukimwambia mume msomi lazima ashibe. Mimi nilikuwa uani nafua. Nilisikia kijiko kikianguka. Nilipoingia alikuwa amekakamaa mikononi mwako, midomo imekuwa ya bluu, na loshoro linamtoka puani. Tulimfikisha hospitali bado anatetemeka. Walihangaika naye zaidi ya saa nzima kabla hajatulia. Alipotulia, ndipo alipokuwa huyu wa sasa.

Daktari aliniuliza alikuwa anafanya nini ilipoanza. Nikasema anakula, analishwa na bibi yake. Nilisema hivyo tu, na ilitosha. Elinami alifika na nguo za kazi, akaelezwa na muuguzi kwamba chakula kiliingia kwenye mapafu. Akakugeukia pale koridoni mbele za watu, mwanao wa kumzaa, akakuambia kwamba uliambiwa usimlishe haraka na sasa umemuua mwanawe. Wewe hukujitetea. Ulinitazama mimi. Nakumbuka ulinitazama muda mrefu, nami nikainama kufunga kamba ya kiatu. Kesho yake ukarudi Poli, na hujakanyaga kwetu tena.

Yote hayo ningeweza kufa nayo, Mama, kwa jinsi nilivyo mwoga. Kilichonishinda ni simu ya Elihuruma wiki iliyopita. Ameniambia alikuja kwako kujifungua, kama mila inavyotaka, ili umlee uzazi, na mtoto ana wiki tatu hujamshika hata siku moja. Unampikia mzazi, unamkanda, lakini mtoto ukiletewa unaficha mikono ndani ya khanga na kusema mikono hiyo ni mibaya. Akaniambia pia kwamba tangu Krismasi hujasogelea Chakula cha Bwana, na mchungaji alipokuuliza ulimjibu kwamba muuaji hali mezani. Elihuruma alikuwa analia. Mimi sikulia. Nilikaa kitini nikajua siku zangu za kunyamaza zimekwisha. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe nimekiweka kwako bila wewe kujua.

Mama, mikono yako haina kosa. Nilimnyima dawa.

Nilianza na ya asubuhi, wiki moja kabla ya usaili. Nilijiambia nitapunguza kidonge kimoja tu nione. Kabla ya hapo nilishamuuliza daktari wa kliniki kama inaweza kupunguzwa, naye alikataa waziwazi, akasema kinachofanya kazi tusikiguse. Kwa hiyo usidhani sikujua. Siku ya tatu bila ya asubuhi mtoto alikuwa macho mpaka mchana na hakuanguka. Nikaacha na ya jioni. Vidonge nilivitupa chooni kila siku, ili Elinami akihesabu kwenye pakiti aone vinapungua. Siku kumi na moja mjukuu wako alikuwa hana dawa kabisa mwilini, na nyinyi mkaita muujiza, nami nikaitikia amina. Nilipanga kumrudishia baada ya usaili. Lakini Jumanne Elinami alitaka amsikie akiimba, Jumatano na mimi nilitaka, Alhamisi na Ijumaa nikasema wewe unakuja, hebu umkute vile. Loshoro halikuanzisha kitu. Degedege ndiyo ilianza, chakula kikapotea njia. Hata ungekuwa unamlisha maji.

Na hospitalini daktari aliniuliza kama dawa amekunywa. Nikasema ndiyo, zote, asubuhi na jioni. Kwa jibu langu wakaandika kwenye faili kwamba dawa ile imemshinda, wakaiacha, wakawa wanajaribu nyingine na nyingine, na yeye anaendelea kutetemeka. Elinami anasema ni mapafu. Mimi najua ni mdomo wangu.

Jumanne iliyopita nilikwenda kliniki nikamwambia daktari ukweli. Aliacha kuandika. Nilidhani atanifokea, nilikuwa nimejiandaa, hata nilitamani. Akaniambia tu kwamba wangejua siku ile wangefanya tofauti. Nikamuuliza kama sasa wakimrudishia ile ya zamani atarudi alivyokuwa. Akasema watamrudishia, pengine degedege zitapungua, lakini kilichokufa kichwani hakirudi. Alisema mara moja tu na sikumtaka arudie. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sikuombi unisamehe. Ningekuwa wewe nisingeweza, na sitaki ujilazimishe kwa sababu ya dini. Ila kuna moja la mwisho ambalo hata padri sijamwambia, nakuambia wewe kwa kuwa ni wewe niliyekubebesha mzigo. Zile siku kumi na moja, mchana Elinami akiwa kazini, tulikuwa wawili tu. Elisaria alinisimulia ndoto. Alinitania kwamba ugali wangu una mabonge. Aliniuliza kwa nini miguu yake haitembei, nikalia, naye akanifuta machozi kwa kiganja akasema basi mama, sitauliza tena. Miaka mitano nilimlea mtoto nisiyemfahamu, nikamfahamu siku kumi na moja. Watu wanajua namlilia. Najuta, Mama, Mungu ananiona. Lakini nikifumba macho narudi kwenye mchana ule, kidonge kiko mkononi, yeye anaongea, na siwezi kukuapia kwamba ningempa.

Nisalimie Elihuruma, mwambie asante kwa ile simu. Mtoto wake mshike leo hii, kabla hujaikunja barua. Ijumaa Kuu nenda mezani, na mchungaji akiuliza mwambie mwenye kosa amepatikana. Elinami atakuja huko Jumamosi kabla ya Pasaka, mpe karatasi hizi azisome, maana kumtazama usoni na kumwambia nimeshindwa. Akiamua niondoke kwake sitabisha, nitarudi Rombo. Ila mwambie kwanza aje nimfundishe kumtoa mtoto mkojo. Hakuna mwingine anayejua.

Mimi mkweo,
Evaresta