Fundi wa Povu Kaniuliza Nitalala Wapi

Hedwiga, nimeaibika leo!

Fundi wa kupuliza povu la kuzuia baridi chini ya mabati kamaliza kazi. Kavua barakoa, kasema, "Mama, harufu ya dawa ni kali, humu halali mtu mpaka kesho. Nendeni kwa ndugu."

Nendeni! Nilimdanganya tuko wanne. Niliona aibu kusema vyumba vyote hivi nakaa peke yangu.

Akauliza, "Wenzako wako wapi?" Nikasema wako kanisani. Leo Jumanne, Hedwiga! Kanisani!

Kisha akashusha sauti: "Mama, una pa kwenda?"

Una pa kwenda! Nimejenga Sombetini nyumba nzima, naulizwa hivyo!

Nikamjibu naenda kwa dada yangu, anakaa Engutoto.

Dada mwenyewe ni wewe. Niko getini kwako na kibegi. Upo?