Jina la Tarehe Tisa Mei

Jumanne, 24 Machi 2026

Kikao cha kamati kwa Debra, Kondele. Saa tisa kwa karatasi, saa kumi na nusu kwa kweli. Nimerudi na hasira hata chai haipiti.

Mwaka huu ni miaka mia moja na kumi tangu Waayalandi waasi Waingereza wiki ya Pasaka. Sisi wanafunzi wa Sista Attracta, mtawa wa Kiayalandi, tumewakumbuka kila Jumatatu ya Pasaka tangu 1981, alipotugawia wale kumi na sita waliouawa. Msichana mmoja, jina moja. Litunze mpaka ufe, alisema, na ukifa mwenzako arithi. Na wasomwe kwa tarehe ya kufa—hakuna kurukana. Tumebaki wanne: Debra, Habiba, Seline na mimi. Wenzangu wana watano watano. Mimi nilikataa kurithi. Ninaye mmoja tu, Thomas Kent. Habiba husema ana waume watano wa Kizungu na bado bati linavuja!

Sasa Debra, mwenyekiti wetu, ametuletea mheshimiwa. Mahema yake, spika zake, soda zake. Kwa hiyo muda umebanwa. Watasomwa wawili tu, Pearse na Connolly. Ati hao ndio watu wanawajua.

Nikauliza, na Kent?

“Anyango, dada yangu, Kent ni nani? Hata kwao walimsahau.”

Walimsahau! Si ndiyo sababu tunamsoma?

“Casement wangu Waingereza walimnyonga,” Habiba akasema. “Leo Debra anamnyonga mara ya pili, na soda juu.”

Seline hunyamaza siku zote.

Alhamisi, 26 Machi

Programu imetoka kwa mpiga chapa. Hotuba ya mheshimiwa, dakika arobaini na tano. Majina, dakika tano. Uso wake umejaa ukurasa, Pearse ni kama stempu pembeni. Chini wameandika: “Connolly wa Ziwa letu.” Connolly! Mtu aliyejeruhiwa hata kusimama hawezi, wakamfunga kwenye kiti wakampiga risasi. Huyu wetu, kiti hata kura hazimtoi.

Nimenakili upya karatasi yangu ya Kent, kwa wino. Polisi walizingira nyumba yao alfajiri. Yeye na ndugu zake walipigana mpaka risasi zikaisha, na mama yao mkongwe ndiye aliyekuwa akiwajazia bunduki. Kent alipigwa risasi tarehe 9 Mei 1916, akafukiwa katika yadi ya gereza, Cork. Alilala hapo miaka tisini na tisa. Mwaka 2015 wakamfukua, wakamzika kwao.

Sista alikuwa amerudi Ayalandi kustaafu. Aliniandikia mstari mmoja: “Anyango, mtu wako amefika nyumbani.” Nililia pale pale posta, kwenye foleni. Sikuwa nikimlilia Kent.

Kaka yangu Fabian alikamatwa Agosti 1982, baada ya jaribio la mapinduzi. Barua ikaja moja tu: amefariki, amezikwa na gereza. Mahali hapakutajwa. Baba akaenda akakata tunda la mti wa yago, refu kama paja la mtu, wakalivisha shati la Fabian, wakalizika nyumbani Katito. Ndiyo desturi yetu mwili usipopatikana. Tangu mwaka ule wa Kent nimeandika barua kumi na moja kuuliza. Nakala zote ninazo. Majibu sifuri.

Jumatano, 1 Aprili

Simu, saa nne na dakika kumi. Waswa, msaidizi wa mheshimiwa. Kwanza nilidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga.

Debra amewaambia habari za Fabian. Ati mheshimiwa ameguswa sana. Ana mtu wake huko magereza, kitabu kimefunguliwa, jina la Fabian limeonekana. Na namba ya kaburi! Mheshimiwa atatangaza Jumatatu, mimi nikiwa nimesimama kando yake.

Nikamwambia anipe hiyo namba sasa hivi.

“Haraka ya nini, Mama? Jumatatu si kesho kutwa?”

Haraka! Miaka arobaini na mitatu!

Nikauliza kama nitasoma Kent.

“Ah, hapana. Tusifukue wawili siku moja, Mama.” Akacheka. Kisha hakucheka. Mheshimiwa hapendi programu yake iharibiwe. Ikiharibika, faili inarudi kabatini.

Kwa hiyo barua zangu kumi na moja hazikufungua kitabu, lakini uchaguzi wa mwakani umekifungua. Mifupa ya Fabian ilikuwa inangoja mahema!

Habiba amekuja na mandazi. Kasema nikubali, kisha kasema nikatae, kisha kala mandazi yote mwenyewe.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Katito. Mama ana miaka tisini na moja na bado analipalilia lile kaburi mwenyewe, ameketi, akijisogeza. Nilimweleza yote.

“Nyathina,” akasema, mwanangu, “nimepalilia tunda mpaka nimezeeka. Niletee mtoto nimweke mahali pake kabla hamjaniweka mimi.”

Nikamwambia mtu yule anatufanyia biashara.

“Mwizi akikurudishia ng’ombe wako, utamwacha kwa sababu ni mwizi?”

Nilikasirika mpaka nikang’oa magugu na maua yake pamoja.

Baadaye, tukinywa uji, akauliza: yule Mzungu wako, mama yake alimwona akirudi?

Hapana, nikasema. Alikufa zamani.

Mama akaweka kikombe chini. Mlangoni, nikiondoka, akasema anataka kuja Jumatatu.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Ukumbini. Naandikia gotini. Safu ya mbele, Mama kulia kwangu, kitambaa chake cha kanisani kichwani. Karatasi ya Kent imo ndani ya daftari hili. Sijaamua. Naandika ili mikono ipate kazi.

Waswa ameketi kushoto. Bahasha ya kaki mapajani, ameigeuza ili nisome. FABIAN OPONDO. Kwa kalamu nyekundu!

Mheshimiwa ameshazungumza saa nzima na bado ana salamu za mwisho “baada ya majina”. Hapo ndipo nitaitwa kando yake.

Debra amemsoma Pearse. Tatu Mei. Makofi. MC amemwita Seline na Connolly, kumi na mbili Mei.

Seline amesimama. Hasomi.

“Mama, tunakungoja,” MC anasema.

“Hatujafika kumi na mbili,” Seline anasema. Seline! Asiyebishana hata na makanga wa matatu!

Watu wanacheka. Halafu, nyuma, bila spika, Habiba. Clarke. MacDonagh. Tatu Mei. Plunkett, nne Mei. Babu yake Habiba alikuwa mwadhini, na sauti imerithiwa. Seline anapokea, Daly. MC anagonga maiki. Hakuna anayemtazama.

Tano Mei. Nane Mei. Kolbati—Colbert, nimeandika vibaya—ni wa Debra. Debra anamtazama mheshimiwa. Anaitazama programu yake. Anasimama. Anasoma, kichwa chini, lakini anasoma.

Sasa ni tisa Mei, zamu yangu.

Seline bado amesimama na Connolly wake. Wote watatu wananitazama. Ukumbi mzima umegeuka. Mheshimiwa anatabasamu, anaangalia saa. Waswa amefungua zipu ya mkoba, bahasha imeingia nusu. Naona FABIAN. OPONDO haionekani tena.

Mama ananigusa kiwiko. Amekwisha kuitoa karatasi ya Kent daftarini, ananipa. Mkono wake wa pili uko wazi mbele yangu. Anataka nimpe kalamu—