Doa la Katikati

Mdogo wangu,

Fundi amesema leo asubuhi kwamba kioo cha laptop ya Baba ni kizima. Ubishi wetu wa wiki tatu umekwisha, wewe ukitaka anunuliwe mpya, mimi nikitaka itengenezwe.

Unajua anavyolalamika: kuna doa jeusi katikati ya kioo linalomeza maneno, na muswada anaouhariri umekwama ukurasa wa arobaini. Fundi aliiwasha, hakuona doa. Mimi pia sikuliona. Akamwekea Baba, niliyekuwa nimekwenda naye, laptop mpya mbele yake, ambayo hata plastiki yake ilikuwa haijabanduliwa.

"Na hii nayo mbovu!" Baba akang'aka. "Ndugu yangu, mnauza takataka?"

Fundi hakucheka. Alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Mzee wangu, hebu nitazame mimi. Unaona nini?"

"Masikio yako nayaona. Uso sioni."

Nimehoji watu kwa miaka ishirini na miwili, lakini pale swali lililonijia lilikuwa moja tu. Nilimuuliza Baba ni tangu lini. Akasema ni tangu mvua zilizopita, na akaniomba nisikuambie.

Jumapili mlipoongea kwa video alikusifu kwamba umenawiri. Alikuwa anakisia.

Laptop nimeirudisha nyumbani kama ilivyokuwa. Usitume nyingine. Daktari wa macho atamwona Jumanne saa tatu asubuhi. Saa tano uwe karibu na simu.

Dada yako